Wigi isiyoshukiwa: Jinsi ya kuchagua povu, mafuta na gundi ya nywele bandia

Na MWANDISHI WETU

BONASI ya majani chai inapolipwa, aghalabu kuelekea mwezi wa Oktoba, saluni za Kianjokoma katika Kaunti ya Embu hufurika wateja. Wapo wanaosuka, wapo wanaoshonea, na wapo wengi wanaoingia na mfuko mkononi wakiwa wamekwisha kununua wigi Nairobi au mjini Embu, wakitaka tu iwekwe vizuri kabla ya harusi na sherehe za Desemba.

Bahati mbaya ni kwamba msimu huo wa fedha ndio pia msimu wa mvua za vuli. Ukungu hushuka kutoka msituni kwenye miteremko ya Mlima Kenya, unyevu ukatanda tangu alfajiri, na wigi iliyokuwa laini na nyepesi dukani ikaanza kujisokota kisogoni. Mwenyewe naye, kwa kutaka kuiokoa, huongeza mafuta. Kufikia Jumapili ya tatu nywele zimeshikana kama sufu, utosini zinang'aa kama bati jipya, na yeyote anayeketi kiti cha nyuma kanisani anajua kwamba hizo si za mwenyewe.

Lawama hapo humwendea muuzaji wa wigi. Waama, mara nyingi kosa halimo katika wigi bali katika mikebe na chupa zilizonunuliwa baadaye. Bidhaa iliyoundwa kwa ajili ya nywele zinazoota kichwani haifai kila mara kwa nywele zisizokuwa na mzizi.

Aidha, kwa baadhi ya watu suala hili si la urembo pekee. Wapo waliopoteza nywele kutokana na dawa za saratani, wapo wenye maradhi ya upara wa mabaka, na wapo ambao misuko ya kubana imewamaliza nywele za mbele. Kwa hao, wigi inayoonekana ya asili ndiyo inayowawezesha kwenda sokoni bila kuulizwa maswali. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua vya kuitunza na kuitengeneza, hatua kwa hatua.

Tambua kwanza ulichonunua

Kabla ya kununua mkebe wowote, sharti ujue wigi yako imetengenezwa kwa nini. Zipo aina tatu kuu.

Ya kwanza ni nywele halisi za binadamu. Sehemu kubwa ya nywele hizi hutoka barani Asia. Nchini India, kwa mfano, mahujaji hunyolewa katika hekalu la Tirumala, jimboni Andhra Pradesh, na nywele hizo huuzwa kwa mnada. Viwanda vya China, hasa vya eneo la Xuchang katika mkoa wa Henan, huzigeuza kuwa wigi zinazosafirishwa kote duniani.

Ya pili ni nyuzi za viwandani. Mojawapo inayojulikana sana ni Kanekalon, ambayo kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuitengeneza mwaka wa 1957. Rasta na wigi nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kenya ni za aina hii au za jamii yake.

Ya tatu ni mchanganyiko wa nywele halisi na nyuzi, au nyuzi zilizoundwa zistahimili joto kiasi.

Maandishi kwenye pakiti hayaaminiki kila wakati. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kung'oa unywele mmoja kutoka sehemu ya ndani, kuushika kwa kibanio cha chuma na kuuchoma mbali na wigi yenyewe. Unywele wa binadamu huungua kwa harufu ile ile ya nywele na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Uzi wa kiwandani huyeyuka, hunuka plastiki na kuacha chembe ngumu. Wigi ya mchanganyiko inaweza kukupa majibu mawili tofauti; kwa hiyo jaribu unywele wa sehemu mbili au tatu.

Tofauti hii ndiyo msingi wa kila uamuzi utakaofuata. Nywele za binadamu hunywa maji na mafuta. Nyuzi za kiwandani hazinywi chochote, na kila unachopaka hubaki juu yake.

Rangi na wingi kabla ya mafuta

Hakuna povu wala jeli inayoweza kuficha rangi isiyofaa. Wigi nyeusi huuzwa kwa nambari. Nambari 1 ni nyeusi tititi, ilhali 1B ni nyeusi iliyopoa kidogo, na ndiyo inayokaribiana zaidi na nywele za Waafrika wengi zinapoangaliwa juani. Nambari 2 na 4 huelekea kahawia. Kwa mtu anayetaka wigi isiyoshukiwa, 1B ni chaguo la salama kuliko 1. Mwenye mvi naye asione haya kutafuta yenye nyuzi chache za kijivu. Uso wa miaka sitini chini ya nywele nyeusi tititi hujieleza wenyewe.

Wigi nyingi mpya pia huwa na nywele nyingi mno mbele. Kichwani mwa mtu nywele za kwenye paji huwa chache na fupi, kisha huongezeka kuelekea utosini. Mwombe msusi azipunguze taratibu, chache kwa wakati mmoja, kwani zilizong'olewa hazioti tena.

Mng'ao ndio msaliti wa kwanza

Nywele za kawaida hung'aa kwa kiasi. Uzi wa kiwandani hung'aa kwa usawa kutoka mzizi hadi ncha, na mng'ao huo ndio unaomfanya mtazamaji atambue mara moja.

Kwa hivyo, mwenye wigi ya nyuzi asinunue spreyi ya kung'arisha hata ikiwa na bei ya kutupwa. Anachohitaji ni kinyume chake. Shampuu ya unga, ile isiyohitaji maji, hupunguza mng'ao ikipulizwa kidogo kutoka umbali wa mkono na kuchanuliwa. Poda ya uso isiyo na rangi nayo hufaa: chovya brashi kubwa, ikung'ute, kisha pitisha juu ya nywele. Ifanye kazi hiyo nje au penye hewa ya kutosha, mbali na watoto, maana vumbi la poda si jema kwa mapafu.

Mwenye wigi ya nywele halisi ana tatizo tofauti. Nywele zake hazipati mafuta ya asili kutoka kichwani, hivyo hukauka na kufifia. Yeye ndiye anayehitaji mng'ao kidogo, na hata hivyo ni wa katikati na wa ncha tu.

Mwachano, yaani mstari unaogawa nywele, ni mahali pengine pa kuangaliwa. Wigi nyingi zina lesi au kitambaa cheupe au cha rangi ya maziwa chini ya mstari huo, ilhali ngozi ya kichwa cha Mwafrika ni ya hudhurungi. Paka poda ya uso inayofanana na ngozi yako, kwa brashi nyembamba, upande wa ndani wa lesi na kidogo juu ya mstari. Poda kavu ni bora kuliko krimu, kwa kuwa krimu huziba matundu ya lesi na kuyeyuka ukitoka jasho.

Povu, jeli na spreyi

Iwapo fedha zako zinatosha bidhaa moja tu ya kutengenezea nywele, chagua povu. Povu lililotengenezwa kwa maji hulainisha nywele zilizosimama, huzipa mawimbi umbo na kukauka bila kuacha uzito. Linatumika kwa nywele halisi na za nyuzi pia, mradi litumike kidogo. Kiasi cha yai dogo kinatosha wigi ya kufika mabegani.

Jeli ina kazi finyu. Itumie kulaza nywele chache za ukingoni, si kichwa kizima. Chagua isiyoacha unga mweupe ikikauka. Jaribu dukani kwa kuipaka nyuma ya kiganja, isubiri ikauke, kisha ikwaruze kwa ukucha. Ikitoa magamba hapo, itayatoa pia kwenye paji la uso wako na watu watadhani una mba.

Ipo pia desturi ya kuchora vinyweleo vya mbele, malaika, kwa mswaki na jeli hadi vikawa mapinde yaliyopangwa sawasawa. Anayependa pambo hilo halaumiwi. Lakini nywele za asili hazikui kwa mapinde, na mwenye kutaka wigi isitambulike ni heri aache vinyweleo vichache vilale ovyo kidogo.

Spreyi ya kukazia ichaguliwe ile nyepesi. Zile kali zenye alkoholi nyingi hukausha nywele halisi hadi zikakatika, na kwenye nyuzi hujenga utando unaonata vumbi. Jambo la kukumbuka ni kwamba spreyi hizi hushika moto upesi. Usiipulize kamwe karibu na jiko, mshumaa au koroboi.

Nta inayouzwa kama mche imara ni nzuri kwa kulaza nywele za utosini kwenye wigi yenye mwachano. Ipake kidoleni kwanza, si moja kwa moja kwenye nywele, la sivyo utaweka nyingi kuliko inavyohitajika.

Mafuta: kidogo na mahali pake

Hapa ndipo wengi hukosea. Kina mama waliozoea kupaka mafuta mazito kichwani kila asubuhi huipaka wigi vivyo hivyo. Petroli jeli, siagi ya shea na mafuta mazito ya mnyonyo yanaweza kuisaidia ngozi na nywele zinazoota. Kwenye wigi huzidisha uzito, huvuta vumbi na kushikanisha nywele.

Kwa nywele halisi, tumia kondishona nyepesi ya kupulizia, isiyooshwa, kisha matone mawili au matatu ya mafuta mepesi kwenye ncha. Usipeleke mafuta karibu na lesi. Kila unywele umefungwa hapo kwa fundo dogo, na mafuta hulegeza mafundo hayo hadi nywele zikaanza kuchomoka.

Kwa nywele za nyuzi, mafuta hayana faida. Tafuta dawa ya kupulizia ya kufungua nywele zilizoshikana iliyoandikwa kwamba ni ya wigi za aina hiyo. Ikikosekana, wasusi wengi huloweka wigi kwenye maji baridi yenye kiasi kidogo cha dawa ya kulainisha nguo, kisha huisuuza sana. Usuuzaji huo si wa hiari, kwani mabaki yake yanaweza kuiwasha ngozi.

Moto haubembelezwi

Nywele za binadamu hustahimili pasi ya nywele, lakini si vizuri kupita nyuzijoto 180 za selsiasi, na ni lazima zipakwe kwanza dawa ya kinga dhidi ya joto. Nywele hizi zikiungua hazina mzizi wa kuleta nyingine.

Wigi ya kiwandani ya kawaida isiguswe na pasi kabisa. Umbo lake hubadilishwa kwa maji moto, njia ambayo wasusi wa rasta wanaifahamu vyema: nywele huzungushiwa vikunjio, zikachovywa kisha zikaachwa zipoe. Zile zilizoandikwa kwamba zinastahimili joto zifuatwe kwa kipimo kilichochapishwa kwenye pakiti, na hata hapo jaribu kwanza sehemu iliyofichika.

Katika vijiji vya Kianjokoma, jikoni kwingi hupikiwa kwa kuni, zikiwemo zile zinazopatikana michai inapopogolewa. Anayeinama kupuliza moto au kufunua sufuria ya githeri akiwa na wigi ya nyuzi anajihatarisha maradufu. Mvuke pekee unatosha kuzikunja nywele za mbele zisinyooke tena. Mwali nao huziyeyusha, na plastiki iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuichoma zaidi. Ivue wigi kabla ya kupika, ujifunge leso. Ushauri huu una thamani kuliko bidhaa zote zilizotajwa hapa.

Gundi na ngozi yako

Gundi ya lesi imeenea kwa sababu inaifanya wigi ikae kama imeota. Hata hivyo, si kila kichwa kinaihitaji. Mkanda wa mpira unaorekebishwa, vibanio vidogo vya ndani au ukanda wa silikoni hutosha kwa matumizi ya kila siku.

Ukiamua kutumia gundi, soma maandishi. Baadhi zina mpira wa asili, ambao huwadhuru watu wenye mzio nao. Gundi za maji zilizotengenezwa mahsusi kwa ngozi huvumilika zaidi. Paka tone nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, usubiri saa 48. Ukiona wekundu, upele au mwasho, usiitumie. Gundi ya viatu, ya mbao, au ile inayoshika papo hapo isifikishwe kichwani kwa hali yoyote.

Kuibandua pia kuna adabu yake. Usivute. Lainisha ukingo kwa dawa ya kuondolea gundi, au kwa mafuta mepesi, ukisubiri hadi lesi iachie yenyewe. Kuvuta kila wiki ndiko kunakong'oa nywele za kwenye paji, hadi yule aliyevaa wigi kwa mapenzi akajikuta anaivaa kwa kulazimika.

Hatari hii si ya kubuni. Uchunguzi uliofanywa Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka wa 2007 ulibaini kwamba karibu thuluthi moja ya wanawake waliochunguzwa walikuwa na upara unaotokana na kuvutwa kwa nywele. Ukiona vipele vidogo au maumivu kwenye ukingo wa nywele, pumzika kubana na kubandika. Upara wa aina hii ukigunduliwa mapema nywele huweza kurudi. Ukiachwa kwa miaka, makovu huziba vitundu vya nywele na hakuna mafuta yatakayozirejesha.

Ukungu, mvua na kofia ya bodaboda

Mkazi wa miinuko ya Embu ana mahitaji yasiyofanana na ya mkazi wa Mombasa. Unyevu wa hapa huja na baridi, na nywele zikilowa hukawia kukauka. Nywele halisi zilizonyooshwa kwa pasi hurudia mawimbi yake pindi zinapoguswa na ukungu. Ndiyo maana wigi yenye mawimbi au mikunjo, au ya mtindo wa afro, huvumilia msimu wa mvua vizuri kuliko iliyonyooka. Ikivimba kidogo hakuna anayeshangaa. Bidhaa zenye silikoni nyepesi husaidia kuzuia unyevu usipenye, ila nazo hujirundika na sharti zioshwe kwa shampuu.

Kofia ya bodaboda huikandamiza wigi utosini na kuisugua kisogoni. Funga kitambaa cha hariri au satini kabla ya kuivaa. Kitambaa hicho pia hukukinga na uchafu wa kofia iliyovaliwa na abiria wengine siku hiyo hiyo.

Usikaushe wigi juu ya jiko kwa sababu tu jua halijaonekana siku tatu. Ibane kwa taulo bila kuikamua, uitundike penye hewa juu ya chupa au mtungi uliogeuzwa. Kuivaa ikiwa mbichi hukaribisha harufu na fangasi kichwani.

Kuosha kunatosha lini?

Wigi huoshwa kulingana na ilivyovaliwa. Baada ya kuvaliwa mara 8 hadi 12 inatosha kwa wengi, na mapema zaidi ikiwa umetumia nta au gundi. Ichanue kwanza ikiwa kavu kwa chanuo la meno mapana, ukianzia ncha kupanda juu. Tumia maji baridi au ya uvuguvugu na shampuu isiyo kali, ukitelezesha mkono kuelekea chini. Usiifikiche kama soksi. Kondishona ipakwe katikati na nchani, isifike kwenye lesi.

Kwa waliopoteza nywele kwa maradhi

Nywele za mgonjwa wa saratani anayetumia dawa zinazoziangusha huanza kutoka, mara nyingi, wiki mbili au tatu baada ya matibabu kuanza. Ni vyema kuichagua wigi kabla ya hapo, rangi na mtindo vikiwa bado vinaweza kulinganishwa. Ngozi ya kichwa wakati huo huwa nyororo na yenye kuuma. Gundi, spreyi kali na manukato havifai. Kofia nyembamba ya pamba chini ya wigi, ukanda wa silikoni na povu lisilo na harufu vinatosha. Nywele aghalabu huanza kurejea miezi michache baada ya matibabu kwisha.

Anayeona nywele zikianguka bila sababu anayoijua asianze na duka la vipodozi. Aende kwanza hospitalini, pakiwemo Hospitali ya Rufaa ya Embu, kwani upungufu wa damu, maradhi ya tezi ya shingo na magonjwa ya ngozi huweza kujitokeza kwa njia hiyo.

Ununuzi wenye akili

Bidhaa ghushi ni nyingi sokoni. Kagua nembo ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (Kebs), tarehe ya mwisho ya matumizi, na orodha ya viambato. Mkebe usio na anwani ya mtengenezaji uuache ulipo. Epuka pia kupimiwa gundi au mafuta kwenye kichupa kisicho na jina, hata ikiwa muuzaji ni jirani.

Kwa anayeanza, kikapu chenye vitu vitano kinatosha: chanuo la meno mapana, shampuu isiyo kali, povu la maji, poda ya uso inayofanana na ngozi yako, na kitambaa cha satini. Mwenye nywele halisi aongeze kondishona ya kupulizia na kinga ya joto. Mengine yote yanaweza kungoja bonasi ijayo.

Mwisho, jaribu kila kitu kipya siku ambayo huna pa kwenda. Tembea nje ukiwa na kioo, uangalie nywele zako katika mwanga wa mchana, maana taa ya saluni huficha mengi ambayo jua la uwanja wa kanisa huyafichua. Ukiona shaka, punguza bidhaa badala ya kuongeza. Wigi inayoonekana ya asili ni ile ambayo haikupakwa mengi, na kichwa kilicho chini yake ndicho cha kutunzwa kwanza.